Daraja Limerudi Śródka

Śródka, Poznań
Mwisho wa Agosti, 2008

Kaka yangu Ignacy,

Pokea salamu zangu kabla hujaketi, na ukishaketi pokea za mama, ambazo ni nyingi kuliko zangu na zina ukali kidogo ndani yake. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Hamburg, na kwamba goti lako limekubali kupanda ngazi bila kulalamika kila hatua. Sisi hapa tu wazima. Mama anasikia anachotaka kusikia na haoni asichotaka kuona, kwa hiyo ujue afya yake ni njema kabisa. Mimi nimestaafu kufundisha, lakini mdomo wangu bado uko kazini.

Utajiuliza kwa nini ninaandika wakati simu ipo. Nimeandika makusudi. Kwenye simu, kila nikifika kwenye habari za daraja au za nyumba yetu, wewe huniuliza kama mvua imenyesha. Barua huwezi kuikatiza. Labda utaichana, lakini sidhani. Nimeandika upande mmoja tu wa kila karatasi, na mtoto wa Roch Banaszak hachani karatasi ambayo mgongo wake bado ni mweupe.

Basi habari ya kwanza ni kwamba daraja limerudi. Si lile letu, maana lile lilikwisha kuwa vyuma chakavu miaka mingi iliyopita. Hili lilikuwa likivusha watu mto Warta kule kwa Mtakatifu Roch. Walipojenga jipya pale, hili likakosa kazi, na sehemu yake moja, ule upinde wa chuma, wakatuletea sisi tuvukie mto wetu Cybina. Mama alipoambiwa linatoka kwa Mtakatifu Roch alijibu bila hata kugeuka kutoka kwenye jiko lake: "Basi baba yenu ndiye aliyelituma. Amechelewa, lakini ametuma."

Siku walipolifungua, Desemba, mtaa mzima ulikuwa ukingoni. Mke wa muuza nyama alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo halikutokea hata alipozaa. Watu walivuka kwenda kisiwani kwenye Kanisa Kuu na kurudi, wakavuka tena, kama watoto waliopewa bembea. Wewe unakumbuka tulivyoishi baada ya ile barabara kubwa kutupasua. Kanisa Kuu tulikuwa tunaliona dirishani, minara yake yote miwili, lakini ukitaka kwenda kusali pale ilibidi ushuke kwenye njia ya chini kwa chini inayonuka mkojo, uibukie upande wa pili, uzunguke kama mwizi. Vijana wakahama. Uwanja wetu wa soko ukabaki na njiwa na walevi, na walevi nao wakawa wanalalamika kwamba pamepooza. Sasa ukitoka misa pale Mtakatifu Margareta unakata kamtaa ka Ostrówek moja kwa moja, na kabla ya viatu kupata joto uko mbele ya Kanisa Kuu. Daraja wamelipa jina la Jordan, yule askofu wetu wa kwanza. Mama anaendelea kuliita la Roch, na hapa mtaani hakuna mwenye ujasiri wa kumsahihisha.

Habari ya pili inanihusu mimi. Watu walianza kuja kutembea, wageni wengi, na wakaazi wakakutana wakasema anahitajika mtu wa kuwasimulia habari za mtaa. Nikachaguliwa bila kupingwa. Mpinzani angetoka wapi, kaka? Nusu ya waliokuwa kwenye mkutano niliwafundisha darasa la nne, na bado wananiogopa.

Kwa hiyo tangu mwezi wa Machi, kila Jumapili baada ya misa kubwa, ninasimama uwanjani na mwavuli wangu wa bluu na watu wananifuata. Ninawaambia kwamba mtaa huu uliitwa kwa jina la Jumatano, kwa sababu Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya soko, na kwamba Poznań ile ya ng'ambo ya Warta, yenye majumba na majivuno, ni mdogo wetu wa mwisho. Ninawaambia Śródka ilikuwa mji kamili, na halmashauri yake na mahakama yake, mpaka Waprusi walipokuja wakatumeza. Ninawaonyesha nyumba waliyokaa wale mapadre wa shirika la Wafilipi. Ninawaambia Ostrówek, kale kamtaa kanakokwisha kabla hujamaliza kusema jina lake, nako kalikuwa mji! Wanacheka, nami ninawaacha wacheke, kisha ninawauliza mji wao wa kwao una umri gani. Hapo wanaanza kutazama viatu vyao.

Mwisho wa matembezi ninawapeleka ukingoni mwa barabara kubwa. Ninanyoosha mwavuli kuelekea kwenye lami na kuwaambia: hapa palikuwa na tanuri la mikate la Roch Banaszak, na watu walikuwa wanavuka daraja asubuhi na mapema kwa ajili ya harufu tu. Nilikuwa ninawasimulia siku lilipobomolewa, pamoja na nyumba yetu, ili barabara ipite. Nilisimulia vile ulivyonisimulia wewe: jinsi baba alivyosimama na aproni yake, na jinsi yule dereva wa tingatinga, kijana wa umri wako, alivyokuwa anacheka ukuta wa kwanza ulipoanguka. Nilimpa dereva yule majina mengi, kaka. Kila Jumapili nilimwongezea moja.

Ndipo nikaanza kumwona mzee mmoja. Alikuwa anakuja kila Jumapili, anasimama nyuma kabisa, kofia mkononi hata kama kuna manyunyu. Mrefu, mabega kama kabati, na mtulivu. Wengine huja mara moja, huyu alikuja Machi yote na Aprili yote, akasikiliza maneno yale yale mpaka mwisho, akaondoka. Siku moja nikamkabili mbele ya watu. Nikamuuliza: "Bwana mkubwa, hadithi hii umeshaisikia hadi unaweza kuniongoza mimi. Kuna mtihani unaojiandalia?" Akaona haya akawa mwekundu mpaka masikioni, akajibu kwamba hapana, yeye anasikiliza sauti tu. Kaka, watu walivunjika mbavu. Mke wa muuza nyama alipiga makofi. Mimi ambaye huwa na jibu tangu niote meno, nilifungua mwavuli jua likiwaka.

Jina lake ni Walerian Skrzypczak. Ni mjane, anakaa Rataje kwenye yale majengo marefu, na ana kijibustani chake kando ya reli anakolima nyanya. Alianza kuniletea nyanya. Nikamkaribisha kahawa ili nisiwe na deni. Akaleta tena, nikakaribisha tena. Mama alikuwa anakaa pembeni na ufumaji wake, akitazama. Alipoondoka siku moja mama akaniuliza: "Binti, huyu mtu anapenda historia au anapenda kahawa?" Nikasema historia. Akasema, "Ajabu. Mbona basi hajawahi kuuliza swali hata moja, na kahawa anaomba kikombe cha pili?" Nikamwambia aache uchokozi, mimi ni mwanamke mtu mzima niliyestaafu. Akaniambia Kanisa Kuu ni zee kuliko mimi na bado watu wanafungia ndoa humo.

Sitakuficha, nilifurahi. Umenijua tangu utotoni, unajua sikuwa mtu wa kungoja ngoja dirishani. Wachumba walikuja nikiwa kijana, nikawaona wepesi. Nilikuwa na shule yangu, na mama, na sikujihurumia hata siku moja. Lakini ilipofika Juni nilikuwa ninachagua blauzi ya Jumapili tangu Ijumaa, na nilijua kabisa ninachofanya.

Sasa kaa vizuri. Kama umesimama, kaa. Kuanzia hapa ndipo ilipo sababu ya barua.

Jumapili moja ya Juni, watu walipotawanyika, Walerian aliniomba tubaki pale pale, ukingoni mwa barabara. Nilidhani ninajua anachotaka kusema, na nilikuwa na jibu tayari. Hakusema nililotarajia. Alitazama lami akasema ya kwamba dereva wa tingatinga lile alikuwa yeye.

Sikuelewa mara moja. Nikamuuliza dereva gani. Akasema, "Yule unayemtukana kila Jumapili, mwalimu. Ni mimi. Nilikuja mara ya kwanza kuona daraja, nikasikia jina la baba yako. Nikaona ni haki yangu kuisikia hadithi yote mpaka mwisho. Kisha nikawa ninakuja kwa sababu nyingine, na hapo ndipo nilipokosea. Nilipaswa kukwambia kabla ya nyanya."

Akainamisha kichwa akafunua nywele juu ya nyusi. Kovu lipo, kaka. Refu, limeingia ndani. Lile tofali ulilomrushia siku ile.

Nilimwacha amesimama pale na kofia yake, nikarudi nyumbani, na Jumapili iliyofuata nikatangaza kwamba mwongozaji ana mafua. Nilikuwa na mafua wiki baada ya wiki. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nilimchukia, kisha nikamkumbuka akisimama kwenye manyunyu akinisikiliza nikimwita mbwa, nguruwe na kibaraka mbele ya watu, bila kujitetea, kisha anarudi tena. Mtu wa namna gani hufanya hivyo? Nilijiuliza kama kumpenda ni kumsaliti baba. Na nilikuwaza wewe, kuliko wote.

Mama alivumilia, halafu akachoka. Aliniita akaniambia kwamba ninasugua sufuria ambazo ni safi tangu Pasaka, niseme. Nikasema yote. Nilitazamia alie, au amlaani. Aliweka sindano zake chini, akasema neno moja: "Mwite."

Jumapili alipokuja, amevaa suti ambayo nadhani ndiyo aliyomzikia mke wake, mama alimketisha kwenye kiti cha baba na kumwekea sahani ya supu nyeusi ya damu ya bata. Unajua vizuri kama mimi, enzi za bibi mchumba akipewa supu hiyo alikuwa ameambiwa ashike njia. Walerian naye alijua, ni mtu wa hapa hapa. Aliitazama ile supu, akachukua kijiko, akainywa yote mpaka tone la mwisho, akafuta sahani kwa mkate. Mama akamuuliza imekuwaje. Akajibu kwamba ni nzuri, na kwamba ameistahili.

Mama akasema: "Hiyo ilikuwa kwa ajili ya nyumba uliyobomoa. Imekwisha. Sasa utakula bata mwenyewe." Akaenda jikoni akamleta bata mzima, na tufaha, na kabichi nyekundu, akamkatia paja.

Kisha akasimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, nawe hukuwahi kulisikia. Asubuhi ile ya ubomoaji, wewe na mimi tulipokuwa bado tunavusha vyombo kwa shangazi, mama alikuwa dirishani kwa jirani. Alimwona kijana akishuka kwenye mashine, akivua kofia, akimwendea baba. Hakusikia walichosema. Lakini alimwona baba akiingia ndani, kwenye tanuri lililokuwa bado na moto wa mwisho, akatoka na mkate, akampa yule kijana mkononi. Baadaye baba alimweleza mama kwamba kijana alikuja kumwomba radhi, naye alimjibu afanye kazi yake, kwani si yeye aliyechora barabara.

Walerian alikuwa ameacha kula. Akasema ndiyo, ilikuwa hivyo, na mkate ulikuwa wa moto kiasi kwamba aliuweka ndani ya koti na ukamuunguza kifua. Na akasema hakucheka. Alikuwa ameuma meno asilie mbele ya msimamizi wake, na kwa mbali uso wa namna hiyo hufanana na wa anayecheka. Wewe ulifika wakati huo, kaka. Uliona ulichoona. Hakuna anayekulaumu, hata yeye mwenyewe.

Nilimgeukia mama nikamuuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake, kwa nini alinyamaza miaka yote hii. Akanijibu: "Mlikuwa mnahitaji mtu wa kumchukia. Kuichukia serikali ni kazi ngumu, haina uso. Nikasema acha wamchukie kijana wasiyemjua, hatadhurika, na wao watachoka. Sikujua mnaweza kuwa wagumu kiasi hiki. Mmemrithi bibi yenu."

Lakini bado kuna moja, na hili ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Nilimuuliza Walerian kuhusu polisi. Nilitaka kujua aliwaeleza nini juu yako, kwa sababu wewe ulikimbia jioni ile ile kwenda bandarini Gdynia, na sisi miaka yote tulishtuka mlango ukigongwa, na baba aliugua akiwa anakungojea nyuma ya pazia. Walerian alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha. Akauliza, polisi gani?

Msimamizi wake alipomkuta na damu usoni, alimwambia tofali limedondoka ukutani. Akamwambia vivyo hivyo daktari aliyemshona. Alisema hangeweza kumshtaki mtoto wa mtu ambaye mkate wake ulikuwa bado na joto kifuani mwake. Hakuna karatasi iliyoandikwa, Ignacy. Hakuna aliyetajwa. Waliokuwa wanagonga mlango walikuwa majirani, wakituletea viazi.

Nimeandika sentensi hizo nikaenda kusimama dirishani kidogo. Najua zinachobeba. Ulipanda meli kwa kuwaogopa polisi hao, ukashuka Hamburg kwa sababu hiyo hiyo, na baba tulimzika bila wewe. Ningeweza kukuficha. Nilifikiri hata kukuficha, kwamba labda ni bora mtu wa umri wako asiambiwe kwamba alikimbia kivuli. Lakini ulinifundisha wewe mwenyewe kuendesha baiskeli kwa kuachia kiti bila kuniambia, na nikaanguka, nikakwambia nikiwa na damu magotini kwamba siku nyingine uniambie ukweli kwanza. Basi na mimi ninakuambia.

Sasa uamuzi wangu. Walerian ameniomba, na nimekubali. Sikuomba ushauri wa mtu, na hapa pia siombi ruhusa. Ninakujulisha, kwa sababu ninakupenda na sitaki usikie kwa wengine. Mtaa umeshaongea. Mmoja aliniuliza dukani kama sioni haya, kwa baba yangu. Nilimjibu kwamba baba yangu alimlisha mtu huyu kabla yangu, na kama ana neno alipeleke makaburini. Jumapili nimerudi na mwavuli wangu. Ninasimulia habari za tanuri kama zamani, ila dereva sasa ana mkate mkononi. Walerian bado anasimama nyuma, na bado anaona haya.

Ndoa ni Jumamosi ya pili ya Oktoba, pale Mtakatifu Margareta. Msimamizi wa upande wangu sijamchagua. Nimewaambia wanaoniuliza kwamba nafasi ina mwenyewe. Walerian anasema usiombe radhi, asije akalazimika kuomba na yeye, mkakaa mnaombana radhi mpaka keki iishe. Ukija, njoo. Usipokuja, nitaolewa vile vile, na nitakupenda vile vile, lakini nitakuandikia barua kila wiki, pande zote mbili za karatasi, na unajua ninavyoandika.

Wiki iliyopita tulimvusha mama daraja kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekataa tangu Desemba, akitoa sababu ya baridi, kisha ya upepo, kisha ya joto. Alivuka akiwa ameshika mkono wa Walerian, polepole, akasimama katikati akayatazama maji. Hakulia. Alisema chuma kinahitaji rangi.

Ameniamuru nimsomee barua hii yote kabla sijaifunga, na nimemsomea. Amesema ni ndefu mno na haina busara mahali pengine, lakini iende. Kisha akaniambia niongeze maneno yake kama anavyoyatamka, nisiyapambe: "Mwambie Ignacy polisi hawakumtafuta hata siku moja. Anayemtafuta ni mama yake."

Wasalimie wote wanaokupa habari za asubuhi huko Hamburg, hata wale usiowapenda. Goti lako ulifunge kitambaa cha sufu. Kitanda chako nimekitandika, nami ninabaki

dada yako asiyebadilika,
Halszka